Hodi, Chumba cha Giza

Kitu cha kwanza alichokatazwa Saleha alipoolewa Chumbageni, akitokea kwao Kigombe, kilikuwa mlango. Haukuwa mlango wa maana. Ubao wa rangi ya kijani, mwisho wa kijia kilichopita kati ya jiko na ukuta, penye kivuli hata jua la mchana. Nyuma yake palikuwa stoo ya zamani ambayo mumewe, Hilal, aliigeuza chumba cha giza cha kusafishia picha. Ndani mlikuwa na meza, makarai ya dawa, rafu iliyowekwa chini mno, na taa nyekundu.

"Mlango huu ukiuona umefungwa, bisha hodi," Hilal alimwambia wiki ile ile ya harusi. "Usiufungue hata nyumba ikishika moto."

Saleha akacheka, akidhani ni utani wa bwana harusi. Baadaye akaona si utani, akauzoea. Mume ana yake, na yeye alikuwa na yake: hina. Tangu amalize darasa la saba alikaa miguuni mwa shangazi yake akitazama tu, hasemi, mpaka siku alipokabidhiwa kijiti na mguu wa bi harusi wa kweli. Mkono wake haukutetemeka. Alichora ua jembamba kama unywele, akakaa akingoja likauke, na wala hakuonyesha kuchoka.

Mwaka ule ndio maduka yalipoanza kupata vitu tena. Miaka ya foleni watu walioana kwa nguo za kuazimana na chai isiyo na sukari. Sasa ilikuwa ruksa. Sabuni za harufu zilirudi, mitumba ikafunguliwa sokoni, na harusi zilizokuwa zimengoja zikamwagika zote pamoja. Filamu peke yake bado ilikuwa ya kuombea. Hilal aliletewa moja moja kutoka Mombasa, imefichwa ndani ya soksi ya dereva wa lori. Betri za taa ya kamera ndizo usiseme.

Na wanawake nao wakataka picha. Si zile za barazani, wamejitanda buibui, wamesimama kama magunia ya karafuu bandarini. Walitaka za ndani, upande wao, na nywele zao na dhahabu zao.

Wa kwanza kulisema wazi alikuwa Bi Mwatumu, Mpemba aliyehamia Tanga zamani, muuza karafuu. Binti yake wa pekee, Tuhfa, alikuwa anaolewa na mtu wa Wete, na fungate ikiisha angevushwa kwenda Pemba kwa mumewe. Bi Mwatumu alikuja studio mwenyewe, akaketi kwenye kiti cha wateja mbele ya lile pazia lililochorwa ngazi na maua.

"Hilal mwanangu, mie mwanangu anakwenda. Nataka sura yake ibaki ukutani, chumbani kwangu. Sura, si buibui."

"Nitakupa, mama."

"Utanipa vipi nawe una ndevu? Apige mwanamke. Na asafishe mwanamke. Jicho la kiume lisifike, hata likiwa limefumbwa."

Saleha alikuwa amesimama nyuma ya pazia na sinia la kahawa. Mwanamke wa nyumba hii ni nani kama si yeye? Akainyoosha kanga yake begani, akashika sinia vizuri, akangoja kuitwa.

"Nitamfundisha Praxeda," Hilal akasema.

Praxeda alikuwa fundi cherehani, na mashine yake ilikaa pale pale kwenye baraza ya studio. Alikuwa binti wa wakulima Wakatoliki wa Maramba, mrefu, mwenye mwanya, na kicheko chake kilisikika kabla hajaonekana.

"Huyo ndiye," Hilal akaendelea. "Ana mkono mtulivu."

Kahawa ikamwagikia siniani.

Jioni, walipokuwa wanakula, Saleha alijaribu. "Na mimi je?"

"Wewe nini?"

"Kamera."

Hilal alimtazama kama mtu aliyesikia kuku akiuliza njia. "Wewe una hina yako, mke wangu. Nikutume maharusini na kamera shingoni, watu waseme Hilal anamtembeza mkewe?"

"Na hina siendi nayo huko huko?"

"Hina ni heshima," akasema, akaongeza sauti ya redio.

Basi mafunzo yakaanza barazani, kila jua lilipopungua ukali. Saleha alivuta ungo wake mpaka dirishani, akawa anachagua mchele huku jicho liko nje ya nondo. Mchele wa siku zile katika nyumba ile haukupata kuwa na kijiwe hata kimoja.

"Mwanga ni mgeni," Hilal alikuwa akisema, kamera ya Kirusi imelala kwenye mapaja ya Praxeda juu ya vipande vya kitambaa. "Mlango ukiwa mpana, asikae sana. Mlango ukiwa mwembamba, mwache akae. Na filamu ndiyo mwenyeji. Kuna mwenyeji mwepesi wa kupokea, na kuna mzito."

"Na nikimkalisha mno?"

"Atakuunguzia nyumba."

Wakacheka wote wawili. Saleha aliinamia ungo. Alijaribu kukumbuka ni lini Hilal alimwambia yeye jambo lolote kwa maneno ya kupambwa namna ile, akakumbuka la mlango wa kijani tu. Alipoinua macho, Hilal alikuwa amekishika kidole cha Praxeda, anazungusha nacho kipete cha lenzi. Kidole tu, cha fundi kwa mwanagenzi. Lakini kidole kile Saleha alikiona ndani ya kila sufuria aliyofunua wiki ile nzima.

Si kwamba alimwonea Praxeda wivu wa uzuri. Angekuwa na hilo angejua la kufanya, angejifukiza udi, angevaa doti jipya. Wivu wake ulikuwa na vichwa viwili, na hakujua kipi kinauma zaidi: kwamba mumewe alikaa karibu na mwanamke mwingine, au kwamba mwanamke mwingine alikuwa anapewa kile kitu chenyewe.

Siku ya harusi, Saleha alimpaka Tuhfa hina kuanzia asubuhi, mikono mpaka viwiko, miguu mpaka ugoko. Kazi ile ilikuwa nzuri kuliko zote alizowahi kufanya, na alijua. Kisha Praxeda akaingia na kamera na taa yake ya kumulika, na chumba kizima kikageuka. "Mpiga picha, mie bado!" "Praxeda, nitoe hapa na bangili!" Hakuna aliyeitazama hina tena. Hata Tuhfa mwenyewe alificha mikono yake chini ya shela ili kidevu kikae sawa. Saleha alitoka uani, akanawa vidole alivyokwisha kuvinawa.

Kesho yake, baada ya adhuhuri, Hilal na Praxeda waliingia chumba cha giza kusafisha filamu ile.

Bi Mwatumu alikuwa amekwisha elezwa na akakubali: filamu hutolewa kwenye ganda lake na kuingizwa ndani ya mkebe wa dawa gizani kabisa, pasipo hata taa nyekundu, na pale hapana aonaye kitu, mume wala mke. Hilal angesimama amwongoze Praxeda kwa mdomo mpaka mkebe ufungwe. Ukishafungwa, Hilal anatoka, na yaliyobaki yote anafanya mwanamke. Bi Mwatumu alielezwa. Praxeda alielezwa. Saleha, aliyekuwa anawapikia, hakuna aliyemwambia neno.

Yeye alijua kitu kimoja tu: kwamba Hilal akiwa kazini mle ndani, chini ya mlango huonekana mstari mwembamba mwekundu. Mstari ule ndio uliokuwa faraja yake. Alisimama mdomoni mwa kijia, mwiko mkononi, akiutazama. Maadamu taa inawaka, wanafanya kazi.

Mstari ukazimika. Akasikia gunia likisukumwa chini ya mlango kuziba pale penye upenyo. Kikawa kimya. Saleha akapiga hatua, akasimama, akapiga nyingine. Akaliweka sikio lake kwenye ubao. Kimya. Halafu kukasikika kishindo kidogo, na Praxeda akacheka. Naye Hilal akacheka.

Saleha hakubisha hodi. Aliusukuma mlango.

Mwanga wa kijia kile, ambao haukutosha hata kutoa mwiba mguuni, ulitosha. Praxeda alikuwa amesimama mezani, utepe wa filamu unaning'inia mkononi mwake kama utumbo wa samaki. Hilal alikuwa upande wa pili, chini ya rafu, ameshika paji la uso. Saleha aliuona ule mkono usoni akasema moyoni: anaona haya.

"Funga!" Hilal alipiga kelele. Kisha, kwa sauti ya chini kabisa: "Usisumbuke kufunga. Imeshaungua."

"Mlikuwa mnafanya nini?" Saleha akauliza, na alipouliza alikwisha ona: meza, mkebe, kifuniko, mkasi, saa. Hapakuwa na hata nafasi ya kugeuka. Lakini kinywa kilishafunguka, kikaendelea, na kilisema mambo ambayo majirani wa pande zote mbili waliyasikia vizuri.

Praxeda alimsikiliza mpaka mwisho. Aliiweka filamu mezani taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. "Dada Saleha," akasema, "ungebisha tu." Akatoka, akaenda barazani, akakunja kitambaa chake, akafunika cherehani.

Hilal hakumpiga wala hakumtukana mkewe. Alikaa kwenye kiti cha wateja mpaka magharibi. Kisha akasema, "Nimeahidi mtu sura ya mwanawe, na sina. Nimemwalika binti wa watu kazini kwangu, na jina lake sasa liko sokoni. Fungate ya Tuhfa ikiisha, nitakupeleka Kigombe ukapumzike kwenu."

"Kupumzika mpaka lini?"

Hilal akainuka akaenda kutawadha. Saleha alijua maana yake. Mwanamke anayepelekwa kwao kupumzika huletewa talaka yake na mtu mwingine.

Usiku ule alipanga nguo zake kwenye mkoba, akauweka karibu na mlango, ili lisemwe lolote lakini si kwamba alifukuzwa ghafla. Asubuhi akajitanda buibui akaenda kwa Bi Mwatumu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Nimeshasikia, kaa chini." Bi Mwatumu alikuwa anapepeta mchele na aliupepeta kwa hasira. "Wivu wa nini, mwana wewe? Hilal yule mwenye miguu kama njiti za kiberiti? Nani amtake?"

Saleha alitaka kucheka akajikuta analia.

"Lia, lakini mie picha yangu naitaka."

"Mama, nipe nafasi. Bi harusi si hutolewa nje fungate ikiisha? Mpambe tena siku hiyo, kabla hajasafiri. Hina itakuwa bado imekolea, nilimpaka mwenyewe."

Bi Mwatumu aliacha kupepeta. "Nitampamba. Lakini nani atapiga? Yule binti umemvunjia heshima, hatakuja hata kwa kubebwa."

Na kweli. Saleha alimkuta Praxeda kwenye chumba alichopanga, anapinda pindo kwa mkono, rozari imetundikwa msumarini juu ya kitanda.

"Mimi kamera ya mumeo sishiki tena," Praxeda alisema bila kuinua kichwa. "Kanisani wameshaniuliza. Sokoni wameshaniuliza. Hata muuza maandazi kaniuliza, huku kanipa andazi bovu."

"Nimekuja kukuomba radhi."

"Nimesikia." Uzi ukakatika, akauloanisha mdomoni. "Unajua nini kinaniuma? Zile zilikuwa picha zangu za kwanza. Umeziua sijaziona. Sijui kama nilikuwa nimeweza au sikuweza. Sitajua."

Lile Saleha hakuwa amelifikiria. Na hapo, katikati ya aibu yake, wivu ukainua kichwa tena: huyu alikuwa na picha za kwanza. Mimi sina hata ya kuharibu.

"Basi nifundishe mimi," akasema.

Praxeda akamtazama kwa mara ya kwanza. Akamtazama muda. "Lete kamera," akasema. "Nataka ujue ni kitu gani ulichokiunguza."

Hilal aliitoa kamera. Aliiweka mezani, na kando yake akaweka filamu, bado ndani ya soksi. "Hiyo ndiyo iliyobaki," akasema, akiutazama ukuta.

Mafunzo yao yalikuwa ya kamera tupu, maana hapakuwa na filamu ya kuchezea. Waliketi kwenye kizingiti cha Praxeda.

"Hili ni tundu," Praxeda alisema. "Namba ndogo, tundu kubwa. Namba kubwa, tundu dogo. Usiniulize kwa nini, Wazungu wamependa hivyo. Huu ni muda, tundu linakaa wazi kiasi gani. Bwana Hilal husema, mwanga ni mgeni, mlango ukiwa—"

"Nimesikia anavyosema," Saleha akamkata.

"Basi sema wewe."

Saleha alifikiri. Maneno ya mumewe katika kinywa kile yalimchoma, hakutaka kuyarudia. Akatazama vidole vyake mwenyewe, vyenye wekundu wa kazi usiotoka.

"Ni hina," akasema. "Hina nzito huiachi sana. Hina nyepesi unaiacha ikae. Na ngozi nayo ina yake. Kuna ngozi inashika upesi na kuna ngozi mpaka uibembeleze. Ngozi ndiyo filamu."

"Ehe!" Praxeda akapiga goti. "Mimi alinizungusha na wageni na wenyeji siku tatu, kumbe ni hina tu!"

Alicheka kile kicheko chake. Saleha hakucheka, lakini alikisikia kwa karibu na akaona ni kicheko cha mtu anayecheka na yeyote, hata na muuza maandazi.

Kosa lake kubwa lilikuja pale pale, na ni kosa la mpakaji wa hina. Praxeda alimwambia ajaribu kana kwamba bi harusi yuko chumbani pasipo mwanga mwingi na anataka uso utoke mweupe. Saleha akaukaza muda, akaufanya mfupi.

"Mbona hivyo?"

"Si ukiiacha sana inakolea? Namtoa mapema asiwe mweusi."

"Utamtia giza totoro!" Praxeda akamnyang'anya kamera. "Sikia. Filamu ni kinyume. Palipokula mwanga sana panakolea kwenye filamu, na palipokolea kwenye filamu ndipo panapotoka peupe kwenye picha. Ukitaka uso ung'ae, mwache mwanga akae. Rudia."

Saleha akarudia. Alirudia mpaka kidole kikajua bila kuulizwa. Kisha Praxeda akamwonyesha kisindano kilicho juu ya kamera, kinachoinuka penye mwanga na kulala penye giza. "Bi harusi atakuwa na nguo nyeupe. Hii sindano ni jinga, ikiona nguo nyeupe inadhani dunia nzima inawaka. Utafunga tundu, na uso utakuwa masizi. Usipime nguo. Nenda karibu mpaka usikie anavyopumua, pima uso, kisha rudi nyuma upige."

"Hilo alikufundisha yeye?"

"Alinifundisha yeye," Praxeda akasema. "Yote kanifundisha yeye. Sasa nakufundisha mimi. Utalia kila neno?"

Siku ya kutolewa Tuhfa ilifika. Chumbani madirisha yalikuwa yamefungwa na mapazia yameshushwa, maana nje yake ilikuwa baraza ya wanaume wanaokunywa kahawa. Saleha alisogeza kamera karibu na uso wa bi harusi. Kisindano kililala kama mgonjwa. Betri za taa hazikuwapo Tanga nzima.

"Mama, tufungue dirisha moja."

"Wanaume wamtolee macho? Hata kidogo."

"Basi atoke uani."

"Na ile ghorofa ya jirani? Wako juu mle wanatuhesabia mpaka masufuria."

Mashangazi walibishana. Mwishowe wakaleta shuka nyeupe za kitanda cha harusi, wakazifunga kwenye kamba na miti ya banda, nyingine wakazishika kwa mikono, mpaka pakawa na kijichumba cha nguo katikati ya ua. Walikuwa wanamficha Tuhfa. Saleha alisogea na kamera kumpima, na mbele ya macho yake kisindano kikainuka. Akatazama juu ya kamera. Shuka zilikuwa zimeushika mwanga wa mbingu na kuumwagia uso wa msichana pande zote, laini, hauna kivuli chini ya jicho.

"Shangazi, wewe, usishushe mkono," akasema. "Inua shuka kidogo. Hapo."

"Mkono unaniuma, mwanangu!"

"Vumilia."

Akapima uso. Akalifungua tundu kiasi, akauacha muda ukae. Akarudi nyuma. "Tuhfa, mikono itoe. Iweke mapajani, nje ya shela. Nataka hina yako."

Akapiga. Akasogeza filamu, akapima tena, akapiga. Hakuharakisha. Bi Mwatumu alipaza sauti kwamba jua linahama, naye akangoja uso wa Tuhfa uache kuogopa, akapiga. Filamu ilipokwisha, kamba ya kamera ilikuwa imelowa jasho shingoni mwake, na mkono haukuwa umetetemeka.

Sasa ilibaki kusafisha, na baada ya yale Hilal haruhusiwi tena hata gizani. Mwanamke aliyewahi kushika filamu gizani ni mmoja tu. Saleha akarudi kwenye baraza ya studio, ambako Praxeda alikwisha rudi kwenye cherehani yake, na mbele ya watu wote waliokuwa pale, wa kahawa na wa kupita, akasema kwa sauti ya kusikika: "Praxeda mwenzangu, nakuomba uingie chumba cha giza na mimi. Peke yangu siwezi."

Praxeda akaweka sindano kwenye kitambaa. Aliwatazama watu waliomsikia, mmoja mmoja. "Haya," akasema.

Wakaingia. Praxeda akazima taa nyekundu, Saleha akalisukuma gunia kwa mguu. Giza lilikuwa giza kweli, hata ukijipiga kofi huuoni mkono. Na mara Saleha akajua jambo ambalo hakuwahi kulijua akiwa nje: mle ndani, watu wawili hawawezi kutogusana. Bega la Praxeda lilikuwa kwenye bega lake. Akinyoosha mkono anagusa mkono. Basi waligusana, akasema moyoni. Ni lazima waligusana.

"Shika ncha," Praxeda alisema. "Ingiza hapo penye meno ya kigurudumu. Usilazimishe, inaingia yenyewe."

Filamu ikaanza kuzunguka. Saleha akauliza, kwa vile giza lile halikuwa na macho: "Siku ile ulicheka nini?"

"Siku ipi? Ah. Mumeo alijigonga kichwa kwenye rafu. Rafu yake mwenyewe, kaitengeneza mwenyewe. Akatukana tusi la Kiarabu sijawahi kulisikia. Ndipo nikacheka."

Saleha akakumbuka mkono ule kwenye paji la uso. Akakumbuka na nundu aliyoiona kesho yake, akaifurahia bila kujua imetoka wapi.

"Na yeye akacheka."

"Na yeye akacheka."

Hilo ndilo lililobaki kumuuma, hata baada ya kuamini mengine yote. Bega si kitu. Lakini Hilal alijigonga kichwa, akacheka na mtu, na mtu huyo hakuwa yeye. Hakulisema. Aliendelea kuzungusha mpaka ncha ya mwisho, akasikia kifuniko kikijibana.

"Washa taa," Praxeda akasema.

Filamu ilisafishwa, ikatundikwa, ikakauka, na alasiri walikuwa bado mle ndani, wekundu kwa taa ile kama walioogeshwa rangi ya ubuyu. Karatasi ya kwanza ikazama katika karai. Kwanza haikuwa na kitu. Kisha, kama hina inavyopanda kwenye kiganja baada ya kukwanguliwa, ikapanda nyusi, likapanda jicho, ikapanda mikono mapajani na kila ua jembamba likiwa mahali pake. Uso wa Tuhfa ulikuwa na mwanga kama umetokea ndani.

Praxeda aliliinamia karai. "Umeweza," akasema mwishowe, na sauti yake haikuwa ya furaha tupu. Saleha aliitambua sauti ile. Alikuwa ameishi nayo nyuma ya nondo, ungo mapajani.

"Ya pili utaiweka wewe," akamwambia. "Na harusi ijayo utapiga wewe. Mimi nitashika shuka."

Ya pili ikazama. Tuhfa akapanda tena, na pembeni, chini ya shuka iliyoinuliwa, akapanda Bi Mwatumu mzima mzima, mdomo wazi, anamfokea shangazi, kiatu kimoja hakipo. Praxeda aliziba mdomo kwa kiganja. Haikusaidia. Saleha naye akashindwa, wakashikana mabega ili wasiangukie dawa.

Nje, hatua zikaja kwenye kijia zikasimama.

"Mnacheka nini humo?" ilikuwa sauti ya Hilal.

Kitasa kikachezacheza kidogo, kikaachwa.

"Saleha. Mnacheka nini?"

"Bisha hodi kwanza," Saleha akasema.

Vidole vikagonga ubao. "Hodi."

"Subiri huko huko."

"Zimetoka?"

"Zimetoka."

"Nionyeshe basi hata moja."

Saleha aliitoa picha kwenye karai, ikichuruzika maji, akaiinua kwenye taa. Mtu huyu aliyemfundisha mwalimu wake alikuwa amesimama upande wa pili wa ubao mmoja, na katika maisha yake yote asingeiona kazi ile.

"Hizi si zako kuona," akasema. "Muulize Bi Mwatumu. Na huo mkoba wangu pale mlangoni, uondoe. Praxeda atajikwaa akitoka."

Akangoja. Hatua zikaondoka polepole kwenye kijia, zikaingia ndani ya nyumba, na baada ya muda akasikia mkoba ukiburutwa sakafuni kurudi chumbani. Ndipo akachukua karatasi nyingine.